Picha za Mama Anjelina

Newala, 9 Juni 2024

Mdogo wangu Gasper,

Pokea salamu kutoka huku juu kwenye baridi na vumbi. Sisi ni wazima, ukiacha uchovu, nao nimeshauzoea. Fortunatus wangu amerudi likizo kutoka chuoni na njaa ya watu watatu. Maji ya bomba hatujayaona tangu Pasaka. Tunanunua ya madumu, na muuzaji amepandisha bei kwa kuwa anajua hatuna pa kukimbilia. Binti yako Anjelina meno mawili ya mbele yamemtoka. Anaona aibu, kwa hiyo siku hizi anacheka huku ameziba mdomo.

Nimekupigia simu mpaka nimechoka. Hupokei, na ujumbe nauona umesomwa lakini jibu sioni. Nikakumbuka marehemu baba alivyokuwa akituandikia alipokuwa na kazi Nachingwea, nasi tukajibu hata kama hatuna la kusema. Basi na mimi naandika. Barua hii nampa Ashiru, yule konda wa basi la Masasi, naye atampa bodaboda wa Chiungutwa anayekufahamu.

Shida ni kompyuta ya studio. Nikiiwasha bila mtandao ni nzima, inatoa picha za pasipoti kama kawaida. Nikiwasha bando tu, ile programu ya picha inaanza kulandanisha na wingu, yaani hifadhi yake ya mtandaoni, na baada ya muda mfupi mashine yote inastaki. Mshale unaganda, feni inalia, na mteja amekaa kwenye benchi ananitazama. Fortunatus anasema memori yote inaliwa na programu hiyo moja.

Hilo ningelivumilia. Lakini picha za marehemu mkeo zinatoweka. Unajua Oliva ndiye aliyeifungua ile akaunti tulipokuwa tukifanya kazi pamoja hapa, na picha zake zote na za mtoto alizitunza humo, hakuna pengine zilipo. Nazikuta kwenye kapu la taka la programu, nazirudisha, baada ya siku chache hazipo tena. Sasa mashine inaganda kabla sijalifikia kapu, na kapu lenyewe kila kilichokaa humo miezi miwili linakitupa moja kwa moja.

Anjelina huja studio kila jioni, anapanda kwenye stuli, ananiambia, "Shangazi, nifungulie mama." Juzi nilimjibu kwamba mashine inaumwa. Akaniuliza kama mama naye anaumwa tena. Nikamtuma dukani.

Mwalimu wa kompyuta katika ukoo huu ni wewe. Niambie la kufanya, na uniambie mapema.

Dada yako,
Leonia


Chiungutwa, 28 Juni 2024

Shikamoo dada,

Barua yako imenifikia ikiwa na mafuta ya pikipiki kwenye pembe, lakini inasomeka. Mimi mzima. Likizo sijaiona, tupo kambini na kidato cha nne, asubuhi nafundisha na mchana nasahihisha. Mikorosho ya baba nimeipulizia salfa mwenyewe, na nguo zangu zote zinanuka hadi leo. Simu yangu ina matatizo ya chaji, unisamehe.

Kuhusu mashine. Hiyo kompyuta ina memori ndogo, na programu za picha siku hizi ni walafi. Kila picha inayoingia inafunguliwa, inatengenezewa kijipicha, kisha programu inatafuta sura za watu ili izipange. Studio yako ina sura za nusu ya Newala. Fanya hivi: kabla ya kuwasha mtandao, ingia kwenye mipangilio uzime utambuzi wa sura. Zuia video za harusi zisipande, zipande picha tu. Usifungue kitu kingine programu inapofanya kazi. Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utaona kila programu inakula kiasi gani. Niandikie.

Hilo la picha kutoweka huenda linatokana na kule kuganda. Mashine ikitulia, nazo zitatulia. Usihangaike sana nalo.

Penseli za rangi zilizomo kwenye bahasha ni za Anjelina. Mwambie nimemsalimu.

Mdogo wako,
Gasper


Newala, 10 Julai 2024

Marahaba Gasper,

Sisi hatujambo. Fortunatus amerudi chuoni, na sufuria zimepumzika. Anjelina ameingia tena darasani, na penseli amezipokea. Aliuliza kama kulikuwa na barua yake humo ndani. Nikamwambia baba ana kazi nyingi.

Hiyo simu yako yenye shida ya chaji lakini inasoma ujumbe wangu wote, ningependa kuiona.

Nimefanya uliyosema. Siku nilipozima sura, mashine ilipumua asubuhi nzima, nikadhani tumepona. Nikaingia kwenye kapu, nikarudisha picha za Oliva nilizozikuta. Kesho yake ikaganda vibaya kuliko mwanzo. Nimebonyeza vile vitufe vyako: programu ya picha imekula karibu memori yote, na vingine vyote vimegawana makombo. Ikabidi nizime kwa kuchomoa waya wa umeme, na bibi harusi wa Jumamosi akaja kudai albamu yake huku mama yake akinisomea sifa zangu mbele ya watu.

Lakini kuna kitu nimekiona. Inaganda kila baada ya mimi kuzirudisha hizo picha. Nikizirudisha, kazi inaanza upya, zote zinashuka na kupanda na kutengenezewa vijipicha. Baadaye zinaondoka tena, nami nazirudisha tena. Ni kama kuna mtu upande wa pili anavuta na mimi huku navuta, mashine ipo katikati. Je, simu ya Oliva iko wapi? Nauliza kwa sababu hiyo nayo ilikuwa kwenye akaunti ile.

La mwisho. Bibi yake Anjelina wa Tandahimba hajamwona mjukuu tangu matanga ya mwaka jana. Mara mbili nimesema nimpeleke, mara mbili umesema bado. Uliponiletea mtoto uliniambia wakwe zako wamekubali akae kwangu. Kama walikubali, mbona hawatumi hata salamu? Kimya kingi kina mshindo mkuu, baba alikuwa akisema.

Leonia


Chiungutwa, 5 Agosti 2024

Shikamoo dada,

Samahani kwa kuchelewa. Malaria ilinilaza, kisha wakaja wakaguzi. Sasa nimepona.

Nimeifikiria sana mashine. Nadhani kuna faili moja bovu linaloisumbua, inalifungua, inashindwa, inalifungua tena. Pitia folda za harusi za mwaka jana utafute picha isiyoonyesha kijipicha, uiondoe. Punguza pia nafasi ambayo programu imetengewa kwa ajili ya vijipicha. Iambie ipandishe picha chache kwa wakati mmoja. Angalia kama diski ina nafasi, maana memori ikijaa mashine inaazima kwenye diski, na diski ikijaa nayo inakosa pa kuazima. Ukimaliza hayo, sasisha programu yenyewe, lakini usifanye hivyo siku yenye umeme wa kukatikakatika. Na humu nimefunga kipande cha memori nilichokipata kwa fundi mmoja wa Masasi. Mpe Dickson wa hapo stendi akuchomekee. Mwambie asikishike kwa mikono yenye jasho.

Simu ya marehemu ilikwenda na vitu vyake vingine siku ya kumaliza matanga. Desturi unaijua, vitu vya marehemu vinarudi kwa watu wake kama vilivyo, huwezi kukaa unavipekua. Simu alipewa mdogo wake, Paulina. Tusiende kuwasumbua wafiwa kwa sababu ya kompyuta. Na wale wazee wana shughuli zao, msimu wa korosho unakaribia.

Wasalimie wote.

Gasper


Newala, 14 Agosti 2024

Gasper,

Hujambo. Sisi hatujambo.

Dickson amechomeka kile kipande, na kwa mara ya kwanza tangu Mei mashine imekaa siku nzima bila kuganda. Nakushukuru kwa hilo, tena kwa moyo. Nilipopata nafasi nikaingia kwenye historia ya programu, pale inapoandika kila kilichofanyika na kimefanyikia wapi. Picha za Oliva hazikuondoka kwa sababu ya kuganda. Zimefutwa. Na kila mstari umeandika: imefutwa kutoka simu ya Oliva.

Marehemu hafuti picha, mdogo wangu.

Nikakimbilia kwenye kapu. Nyingi nimezikuta. Lakini zile za mbeleko, Oliva amembeba Anjelina mgongoni mbele ya studio, yule mtoto amelala na shavu limebonyea kwenye bega la mama yake, hazimo. Muda wake umepita, zimetupwa. Ndizo Anjelina alizokuwa akizipenda kuliko zote. Muda wake uliisha wakati mimi natafuta faili bovu kwenye harusi za watu kwa maelekezo yako.

Wewe unafundisha mambo haya. Nilipokuuliza simu iko wapi ulijua nauliza nini, na ulijua tangu barua yangu ya kwanza. Oliva alifungua akaunti, simu ikapewa mtu na akaunti ikiwa ndani, kwa kuwa desturi haituruhusu kupekua. Hilo ni kosa letu sote, hata mimi nilikuwepo nikala ubwabwa. Lakini kwa nini uliniacha nizunguke?

Wiki ijayo nafunga studio, nampeleka Anjelina kwa bibi yake. Nitaiomba hiyo simu. Kama kuna neno napaswa kulijua kabla sijaingia kwenye ua ule, liandike sasa. Mficha uchi hazai.

Leonia


Chiungutwa, 20 Agosti 2024

Shikamoo dada,

Naandika nikiwa nimesimama, bodaboda ananingoja.

Nakuomba usiende. Subiri likizo ya Desemba, nitakwenda mwenyewe na mtoto na kila kitu kitakaa sawa. Hilo neno ni refu, siwezi kuliandika. Picha zilizobaki zihamishie kwenye flashi, halafu uiondoe programu yote kwenye mashine. Studio itafanya kazi vizuri tu bila wingu.

Tafadhali dada.

Gasper


Newala, 1 Septemba 2024

Gasper,

Karatasi yako imenikuta nimesharudi. Sijui ingenikuta mapema ningefanya nini, labda ningekwenda hivyohivyo.

Tulifika asubuhi. Mama mkwe wako alikuwa anafagia chini ya mikorosho. Alipomwona Anjelina aliweka ufagio chini polepole, akaja, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akamwangalia lile pengo la meno. Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akaniuliza, "Mama Fortunatus, umemleta?"

"Nimemleta akusalimie, mama."

"Anisalimie," akarudia. "Baba yake alisema atamleta baada ya Krismasi. Tulimtandikia kitanda."

Hivyo ndivyo nilivyojua. Akaniingiza ndani akanionyesha. Kitanda kipo, shuka la maua, chandarua kimefungwa fundo juu. Wajomba zake walisema siku ya matanga kwamba mtoto akae kwa bibi, kama ilivyo kwetu, mtoto ni wa upande wa mama. Wewe ukajibu "nimesikia." Ukatoka pale, ukaniletea mimi mtoto na kuniambia wamekubali. Nilisimama pale chumbani natamani sakafu inimeze, na wakati huo ulikuwa Chiungutwa unafikiria diski yangu.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Paulina alinivuta nyuma ya jiko. Ana simu mkononi, anaishika kwa ncha za vidole. "Dada Leonia, hii simu ina mambo," ananiambia. "Nikifuta zinarudi. Harusi za watu nisiowajua zinaingia zenyewe, simu imejaa hata kupiga siwezi. Dada Oliva nilimfuta kwa sababu mama akimwona hali chakula siku nzima. Kumekucha, yumo tena. Nimemfuta, karudi. Nimemfuata katekista aje kuiombea."

Mungu anisamehe, nilicheka. Kisha nikalia, na Paulina naye akalia bila kujua tunalia nini. Nikamwambia, "Aliyekuwa anamrudisha ni mimi."

Tulikaa kwenye kinu tukielezana. Miezi yote hiyo, yeye anafuta ili mama yake ale, mimi narudisha ili mtoto amwone mama, na kila tukivutana mashine yangu inaanza kazi upya na simu yake inajaa. Nikampigia Fortunatus akatuelekeza namna ya kuitoa ile akaunti kwenye simu. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Kabla ya kuitoa, mama yake alikuja akasimama juu yetu. "Moja mniachie," akasema. "Habari ya kula ni shauri langu."

Ikabidi nimwambie na Anjelina kwamba za mbeleko zimepotea. Hakulia. Aliinama akaanza kuchora chini kwa kidole. Bibi akauliza ni picha zipi hizo, nikamweleza. Akaingia ndani, akafungua sanduku, akatoka na ile khanga yenyewe, ilirudi na vitu vya matanga. Akamwambia mtoto, "Panda." Msichana wa miaka minane, Gasper, miguu inaning'inia hadi magotini kwa bibi. Alimbeba kuzunguka ua wote, anahema, Paulina anamshikilia kwa nyuma wasianguke. Anjelina alicheka na hakuziba mdomo.

Siku ya kuondoka hakufunga mfuko wake. Nilipomuuliza akasema, "Bibi ananisimulia mama alipokuwa mdogo. Bado hajafika alipokuwa mkubwa." Nikamwacha. Shuleni nimemwombea ruhusa hadi baada ya likizo fupi ya mwezi huu, baada ya hapo mtakaa na kusemezana, wewe na wao. Nyumba yangu iko wazi kwake, lakini sitamtunza kwa uongo.

Kompyuta ni nzima. Haigandi, feni hailii, bibi harusi amepata albamu. Ulinipa dawa za kila namna, na za kweli, sikatai. Ile moja uliyoijua ilikuwa ya kupanda basi, nayo ulininyima. Sikulaumu kwa kuogopa wakwe. Nakulaumu kwa picha za mbeleko, na nitakulaumu kwa muda.

Nimechoka kuandika. Sitajibu barua yako nyingine yoyote mpaka nione imetoka Tandahimba.

Dada yako,
Leonia


Tandahimba, 14 Septemba 2024

Shikamoo dada,

Unaona mwenyewe ninakoandikia. Nimefika jana. Mama na Paulina wanakusalimu, na kuna kifurushi cha korosho za kubangua kinakuja na barua hii, za kwanza za msimu.

Nilipoingia uani Anjelina alikuwa anapepeta mchele. Hakunikimbilia. Aliweka ungo chini, akaja akaniambia shikamoo, akanipokea mfuko, akaniletea kiti na maji ya kunawa. Alifanya yote kwa adabu nzuri kabisa, kama afanyavyo mtoto kwa mgeni. Nilinawa mikono muda mrefu sana.

Nilimwambia mama kila kitu nilichokuja nacho. Niliogopa atamchukua mtoto nami nibaki peke yangu kwenye nyumba ile ya shule. Niliogopa zaidi kuingia humu ndani na kuona kila mtu yupo isipokuwa Oliva. Kwa hiyo nilikaa mbali na wote, na nikikaa mbali nilijiona nina nafuu. Picha zake sijazitazama tangu mwaka jana, dada. Ulipoandika zinatoweka, kuna siku moja niliona heri. Hilo nakuambia wewe tu. Halafu nikasoma alilokuuliza Anjelina, kama mama anaumwa tena, na bado sikupanda basi.

Mama alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Tulisema mtoto akae huku ili wewe upate sababu ya kuja."

Alinipakulia ugali na kisamvu, akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza. Mazungumzo na wajomba ni kesho. Vyovyote watakavyosema, nitajibu kwa maneno kamili.

Usiku nilipojilaza nilimsikia Anjelina anaongea na bibi yake chumba cha pili. Kabla ya hapo alikuwa ameniuliza naondoka lini, nikamwambia siondoki kabla ya Jumapili.

"Baba amesema Jumapili," alikuwa akimwambia. "Lakini bibi, tusubiri kwanza tuone."

Mdogo wako,
Gasper